Likelemba ya Watoto

Sisi tuliokulia Jeppestown tulijua kwamba machipuko yamefika kabla ua lolote halijachanua. Tulijua kwa vichwa. Baridi ya Johannesburg huwavika watu kofia za sufu tangu mwezi wa tano, na jua la Septemba linaporudisha joto kwenye kuta za matofali, kofia zote zinavuliwa kwa pamoja. Chini yake kuna nywele zilizosahauliwa miezi minne. Hapo kila mwanamke wa mji huu anataka kusukwa, tena anataka kusukwa leo. Mama yangu alikuwa msusi. Kwa hiyo nyumbani kwetu machipuko yalinukia mafuta ya nywele, na jioni tulimshikia mama kikombe cha chai kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekataa kukunjika.

Nawaandikia wenzangu wa rika langu, mliozaliwa na wazazi waliokuja hapa wakiwa na begi moja na anwani ya mtu wa kanisani, mkakua mkiitwa kwa Kiswahili na kuitikia kwa Kizulu. Nimejitahidi kuyapanga mambo kwa utaratibu, maana watoto wetu wakituuliza tunaruka huku na kule, na kabla hatujafika katikati wao wamesharudi kwenye simu.

Tulikaa kwenye jengo la ghorofa mbili ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha viatu, likagawanywa vyumba kwa mbao. Nyuma kulikuwa na uwanja wa saruji wenye bomba moja na kamba za nguo. Upande mmoja tulipakana na karakana ya magari, upande wa pili na hosteli ya wanaume, ambao Jumapili waliimba na kupiga miguu chini hadi vikombe vyetu vikatetemeka kabatini. Kwenye saruji ile tulicheza mdako kwa kokoto tulizookota relini, tukaruka lastiki iliyofumwa kwa soksi ndefu za akina mama, tukaendesha magari ya waya. Siku ya kwanza ya Septemba, watoto wa hapa wanapomwagiana maji kukaribisha joto, nasi tulimwagiana, na mama kila mwaka alipiga kelele ile ile kutoka dirishani, kwa Kiswahili cha Lubumbashi ambacho watu ni bantu na watoto ni batoto: "Kwetu mvua ndiyo inalowesha bantu! Si majirani!"

Mwaka ninaotaka kuwasimulia nilikuwa na miaka minane, na mdogo wangu Josué alikuwa na mitatu. Papa, baba yetu, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi huko Sandton. Alirudi asubuhi, akala bukari, yaani ugali, uliobaki jana, kisha akalala fofofo. Binamu yetu aliyekuwa akitutunza aliolewa mwezi wa saba, akahamia Durban. Tangu hapo ulinzi wetu ulikuwa ni usingizi wa papa. Asubuhi moja ya Agosti niko shuleni, Josué akafungua geti mwenyewe. Alikutwa kwenye robot, zile taa za kuongozea magari kwenye barabara kubwa, amesimama ukingoni akiangalia malori, na muuza machungwa amemshika kola ya shati kama mtu aliyeshika kuku.

Papa hakumpiga. Alikaa kitandani na suruali yake ya kazi, akasema, "Batoto baende kwa Nkambo."

Nkambo ni bibi. Huyu alikuwa mama yake papa, kule Lubumbashi. Wenzangu mnajua maana ya maneno yale. Kila jengo lilikuwa na mtoto aliyepelekwa nyumbani "kwa muda kidogo" akarudi ana ndevu, anamsalimia mama yake kwa kumpa mkono. Na safari ilikuwa tayari: shemasi wa kanisa letu alikuwa anaondoka kwa basi Jumamosi ya mwisho wa likizo ya machipuko, na alikuwa radhi kutuchukua.

Ukuta wa mbao hausitiri kitu. Nilisikia yote, papa akimwita mama kwa jina langu.

"Mama Neema, hapa si mahali pa kulelea batoto."

"Na kule ni mahali pa kulelewa bila mama?"

"Nkambo atabalea bizuri. Mimi alinilea."

"Wewe ulikuwa wake. Hawa ni bangu."

"Bon. Shule zikifungwa, nani atabaangalia? Mimi nalala. Wewe uko kwa bichwa bya bantu tangu asubuhi."

Mama akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga hesabu zake, "Nipe wiki ile ya likizo. Hata mtoto mmoja akionekana barabarani, mabegi yao nitayafunga mimi mwenyewe."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kesho yake papa alileta mabegi mawili, akayaweka nyuma ya mlango, wazi, matupu. Nilikuwa nikiyapita kila nilipokwenda kuteka maji.

Sasa mama alitoa wapi wazo lake? Alilitoa kwenye jambo ambalo akina mama wote wa jengo lile walilijua kabla hawajavuka mpaka wowote. Wakongo tunaliita likelemba, Watanzania upatu, na hapa watu wanasema stokvel: wanawake wanakusanyika, kila mmoja anatoa chake, na mmoja anabeba vyote. Zamu inayofuata anabeba mwenzake. Mama aliwaita wanawake watatu chumbani kwetu Jumapili baada ya ibada. Mama Divine, Mrundi aliyeuza mboga, mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Mama Zuhura, Mtanzania wa Kigoma, aliyepika maandazi ya kuuza stesheni na kuamini kwamba magwinya ya watu wa hapa ni maandazi yaliyokosa malezi. Na Mama Chantal, Mkongo mwenzetu, muuza mitumba, aliyekaa chumba cha mwisho chini.

"Tutacheza likelemba," mama akawaambia, "lakini tunachotoa ni batoto. Mwenye zamu haendi kazini. Anabeba batoto bote. Wengine bote banakwenda kazi na roho nyeupe."

Mama alichukua siku mbili, Jumatatu na Jumatano, kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Kwa siku tatu zilizobaki wakapiga kura kwa njiti za kiberiti. Sasa mtu aliyecheza likelemba miaka yake yote anajua kitu kimoja mwilini: zamu ya mapema ni furaha, zamu ya mwisho ni kusubiri. Mama Divine alivuta njiti ya kwanza, Jumanne, akaruka juu, akamshukuru Mungu kwa Kirundi. "Imana ishimwe!" Akacheza hatua tatu nne katikati ya chumba, mikono juu, kabla hajakumbuka alichoshinda. Akasimama. Akatuangalia sisi watoto tuliojaa mlangoni, mmoja mmoja, na mikono yake ikashuka polepole. Mama Zuhura alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mama Chantal naye, aliyevuta Ijumaa, alisonya kama mtu aliyeonewa. Halafu akaelewa, akacheka kuliko wote.

Shule zikafungwa. Watoto tulikuwa kumi na mmoja. Kila asubuhi tulishuka kwa mwenye zamu, kila mmoja na bakuli lake na kikombe cha unga, na kila siku ilikuwa nchi nyingine. Jumatatu kwa mama tulikula bukari na lengalenga, mchicha wa kwetu, na kila mwenye nywele akasukwa, apende asipende. Jumanne Mama Divine alituchambulisha nyanya na kumenya njegere tangu asubuhi, akauita mchezo, na tukaamini. Mchana akatupa maharage na ndizi za kupika hadi tukalala tulipokaa. Alhamisi Mama Zuhura alitupanga mstari kwenye bomba akatusugua wote kwa beseni moja la povu, kisha akatufundisha kusema shikamoo. Akatutembeza uwanjani tusalimie wakubwa wote. Fundi wa karakana, aliyelala chini ya gari, aliposikia sauti nyingi zikimwambia "Shikamoo, baba!" alitoa kichwa, akatufikiria, akajibu kama vijana wa hapa wanavyosema sawa, "Sharp."

"Marahaba!" Mama Zuhura akamfokea. "Huyu naye alelewe!"

Mchana ule ule mvua ya kwanza ikanyesha. Mtu ambaye hajakaa miezi mitano bila tone la maji hawezi kuijua harufu ile, vumbi la vilima vya taka za mgodi na saruji ya moto vinapolowa kwa pamoja. Radi ilipasuka juu ya paa za mabati, nasi tukatoka mbio na nguo zetu safi. Mama Zuhura alisimama mlangoni ameshika kiuno. "Haya, lowaneni! Nimewaosha bure!" Lakini mkono wake mmoja ulikuwa umenyooshwa nje, kiganja juu, unapokea matone.

Papa kila asubuhi alisimama getini, akatazama uwanja, akaenda kulala. Jumatano shemasi alikuja kuuliza kama tuna masweta ya njiani. Mama akamjibu kwamba masweta tunayo, na akaendelea kusuka.

Ikafika Ijumaa, zamu ya Mama Chantal.

Mama Divine alikuwa ameondoka gizani kwenda soko la jumla, Mama Zuhura stesheni. Sisi tukateremka na mabakuli yetu. Mlango wa Mama Chantal ulikuwa na kufuli, na Chantal mwenyewe, mtoto wa miaka sita, alikuwa amekaa kizingitini na kikombe chake cha unga kama mgeni. Mama yake alisikia usiku kwamba marobota mapya ya mitumba yamefika, akawahi alfajiri. "Amesema Mama Neema yuko," Chantal akatueleza.

Mama Neema alikuwa ndiyo kwanza anashuka ngazi na mfuko wake wa vitana. Mjini alikuwa anasubiriwa na bibi harusi pamoja na wapambe wake, harusi ni kesho yake, na mwenye saluni alishamwonya kwamba akichelewa kiti chake kitakaliwa na mwingine. Kutuacha nyumbani hakuwezekani: papa hajarudi, na akirudi atalala, na usingizi huo ndio uliotufikisha hapa. Kutotuacha maana yake ni barabarani. Mama aliliangalia kufuli lile. Hakumtukana mtu.

"Neema. Nenda ulete meshi. Pakiti zote."

Meshi ni zile nywele za kuongezea. Nilileta nyeusi, za kahawia, na pakiti moja nyekundu. Mama akakaa kwenye ngazi, akafunga ncha moja kwenye chuma cha mkono wa ngazi, akaanza kusuka. Nimeangalia wasusi wengi tangu siku ile, na sijaona vidole viende vile. Akasuka kamba nene kama mkono wangu, ndefu kupita uwanja, na kila baada ya hatua moja akapiga fundo.

"Kila mtoto fundo lake. Mtaachia mkifika kwenye kiti cha saluni, si mbele ya hapo. Atakayeachia anakwenda Lubumbashi pamoja na hawa wangu wawili."

"Lubumbashi kuna aisikrimu?" Zuhura, mtoto wa Mama Zuhura, akauliza.

"Hakuna."

Zuhura akashika fundo lake kwa mikono miwili.

Tukatoka. Mama mbele, kichanga cha Mama Divine mgongoni. Josué fundo la kwanza nyuma yake. Mimi fundo la mwisho kwa kuwa ndimi mkubwa. Tulipita karakana, fundi akaweka spana chini. Tulipita hosteli, wanaume waliokuwa wakiota jua kwenye ukuta wakasimama, mmoja akavua kofia. Kwenye ile barabara yenye mijakaranda michache maua yalikuwa yameanza kuanguka, na yalipasuka chini ya ndala zetu kwa sauti ndogo. Tulikuwa tumeelewa, hata wadogo, kwamba siku hii haikuwa mchezo.

Tukafika kwenye robot. Muuza machungwa yule yule alikuwepo. "Hawu, mama! Hii ni treni?" Mama hakugeuka. Taa ikawaka ya watu, tukaingia barabarani. Lakini taa zile hazikupimwa kwa miguu ya watoto. Tulikuwa katikati kabisa, mama karibu afike ng'ambo na mimi nyuma kabisa nimetoka hatua chache tu, wakati rangi ilipogeuka. Magari yakaanza kusukuma pua. Honi zikapigwa kutoka pande zote. Kamba ikakazika. Hakuna aliyeachia.

Hapo ndipo teksi ya abiria kutoka upande wa Sandton iliposimama pembeni, na papa akashuka.

Alituona. Aliona mtoto wake wa miaka mitatu ndani ya barabara ile ile, na nyuma yake watoto wa jengo zima. Uso wake nauona hadi leo. Nikayafikiria mabegi mawili nyuma ya mlango.

Papa akatembea hadi katikati ya barabara na sare yake ya ulinzi, akageuka kuyakabili magari, akanyoosha kiganja. Yakasimama. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani. "We! Wewe ni polisi?"

"Mimi ni baba yao!"

"Wote hao?"

"Wote!"

Dereva akatuangalia kutoka fundo la kwanza hadi la mwisho. Akazima injini. "Eish, baba," akasema. "Pole."

Tulipovuka, papa alikuja nyuma yangu, akashika ncha ya kamba iliyokuwa ikiburutika. Tukaenda hivyo hadi mjini, msusi mbele na mlinzi nyuma. Bibi harusi alikuwa ameanza kulia kwa kucheleweshwa. Alipotuona tukiingia saluni mmoja baada ya mwingine bila mwisho, akasahau kulia. Mwenye saluni akafungua mdomo kufoka. Mama akaning'iniza koti lake, akasema, "Hawa ni wasaidizi," akachukua kitana. Tulifagia nywele, tukashika pini, tukapasua pakiti. Papa alikaa kwenye kreti la soda mlangoni, akajifungia ncha ya kamba kiganjani, na ndipo usingizi ukamchukua.

Jioni shemasi alikuja kuchukua mabegi. Papa aliyatoa nje yamejaa: nguo zetu zilizotubana, zawadi kwa watoto wa majirani wa Nkambo, na sukari.

"Na batoto?" shemasi akauliza.

"Batoto babaki."

Mama alikuwa akiosha vyombo, mgongo ametugeuzia. Akasema bila kugeuka, maana hakupenda kushinda kwa kupendelewa, "Nilisema hata mmoja asionekane barabarani."

"Sikuona mmoja, Mama Neema," papa akasema. "Niliona kumi na mmoja. Na wote walikuwa wameshikwa."

Mama Chantal alirudi usiku huo na robota kichwani na maelezo mengi. Wenzake walimsikiliza hadi mwisho. Kisha Mama Zuhura akamtajia adhabu ya mtu anayekula likelemba ya wenzake na kukimbia zamu yake: Jumamosi alibeba watoto wote, na riba. Riba ilikuwa kutuogesha. Mchezo ule uliendelea kila likizo hadi tulipokuwa wakubwa wa kujitunza wenyewe, na Mama Chantal hakukosa zamu tena.

Sitaki kudanganya kwamba hatukulipa chochote. Tulibaki na mama, na Nkambo hatukumjua. Alitusikia kwenye simu, akatuombea, akafariki kabla hatujamwona. Shemasi alitusimulia kwamba siku ile ya basi Nkambo alikuwa ametandika kitanda cha watoto wawili. Sijui kama kuna njia ya kumweka mtoto upande mmoja bila upande wa pili kubaki wazi.

Leo nakaa Randburg. Geti letu linafunguka kwa alama ya kidole, kuna kamera kila kona, na watoto wangu wawili hawawezi kufika barabarani hata wakitaka. Binti yangu ana miaka minane na ameniomba "nafasi yake binafsi". Katika umri huo mimi nafasi yangu binafsi ilikuwa fundo moja la kamba. Nilipomfundisha mdako aliuliza kama kokoto zimesafishwa. Mwanangu wa kiume hujua kwamba mvua inakuja kwa kuwa simu imelia, kisha hufunga dirisha, na harufu yote ile hubaki nje. Hawajawahi kufokewa na mama wa mtu mwingine. Hawajawahi kuogeshwa na Mtanzania. Likizo nawapeleka mahali pa kulipia ambapo wanafundishwa kupaka rangi, nami hukaa kwenye foleni ya magari nikiwaza kwamba wako salama kabisa, na kwamba katika jengo letu hakuna mtu mzima hata mmoja, zaidi yangu, anayeyajua majina yao.

Shule zinafungwa wiki ijayo. Juzi nilipanda ghorofa moja, nikagonga kwa jirani ambaye nimeishi chini yake miaka minne. Ni Mkenya, anafanya kazi benki huko Sandton. Watoto wake wawili nawajua kwa miguu tu, maana wanakimbia juu ya dari yangu. Alifungua mlango kiasi cha mnyororo.

"Habari, dada. Likizo hii naomba watoto wako."

"Ati unaomba nini?"

Nikamweleza. Siku mbili kwangu, siku mbili kwake, Ijumaa tutapiga kura. Alinisikiliza kwa jicho moja.

"Hiyo ni kama chama," akasema, kwa jina ambalo Wakenya wanauita upatu.

"Ni chama."

"Na ukikula siku zangu halafu uhepe?"

"Mimi naishi chini yako. Nitahepa wapi?"

Hakucheka. Alinitazama tena, kuanzia kichwani hadi kwenye ndala zangu, akafunga mlango. Nilibaki kwenye korido ile safi isiyo na mtu. Kisha nikasikia mnyororo ukitolewa.